Simama Kwanza Penye Duara

Hotuba hii, juu ya kusoma grafu za sentensi za kutolingana (inequalities) kwenye mstari wa namba, niliitoa Jumamosi moja asubuhi jijini Kisumu, mbele ya wanafunzi wa gredi ya saba hadi ya tisa, wazazi wao na walimu wa hisabati. Nimeiandika karibu vile nilivyoisema. Pale tulipoacha maneno tukashika kamba, nimejaribu kueleza tulichokuwa tukifanya.

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mlioacha kulala Jumamosi hii mkaja kusoma: oyawore, na hamjambo. Itifaki yote imezingatiwa, kwa hiyo naomba niende moja kwa moja kwenye kamba.

Mnaiona. Nimeifunga kutoka nguzo ya mlangoni hadi nguzo ya dirishani. Juu yake nimebana vibanio vya nguo 41, na kila kibanio kimeshika karatasi yenye namba, kuanzia 0 upande wa mlango hadi 40 upande wa dirisha. Huo ndio mstari wa namba, na kadiri unavyokwenda dirishani ndivyo namba zinavyokua. Mezani nina vitu vingine: vifuniko vya soda, bangili, na leso mbili, moja nyekundu na moja ya manjano. Sina zaidi ya hivyo, na havijagharimu kitu. Bangili ni zangu, leso ni za mama.

Kabla sijaweka chochote kwenye kamba, niwaeleze kwa nini jambo hili liko moyoni mwangu.

Mwaka 2009 mwanangu wa pili alishikwa na homa. Sisi wa kando ya ziwa tunajua homa ya usiku ina jina gani. Akapimwa damu, ikawa ni malaria kweli. Akawekwa kwenye mizani: kilo 15 kamili. Nikaandikiwa dawa ya malaria ya AL (artemether-lumefantrine), nikaambiwa nikainunue, na nikaingia duka la dawa lililokuwa karibu. Ukutani palibandikwa karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Kilo 5 hadi 15, kidonge kimoja. Kilo 15 hadi 25, vidonge viwili. Kilo 25 hadi 35, vidonge vitatu. Muuzaji akaisoma karatasi, akamtazama mtoto, kisha akaniuliza mimi: "Mama, tumpe kimoja au viwili?"

Wazazi, mimi ni mwalimu wa hisabati. Mtoto amelala begani, shingo inaniunguza kwa joto lake, na sina jibu. Sikuwa nalo kwa sababu karatasi yenyewe haikuwa nalo. Aliyeiandika alimweka mtoto wa kilo 15 katika vyumba viwili kwa wakati mmoja. Nikachukua bodaboda hadi kituo cha afya, muuguzi akafungua mwongozo uliopigwa chapa, akaweka kidole kwenye mstari, akasema: "Viwili. Kumi na tano inaanza hapa." Nikauangalia ule mwongozo. Tofauti yake na karatasi ya dukani ilikuwa alama moja ndogo, ambayo mtu mwenye haraka hata haioni.

Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile, kila nikifundisha grafu hizi, sianzi na mstari wala mshale. Naanza na yule mtoto aliyesimama juu ya namba yenyewe.

Njooni wanafunzi wanne. Tutatandaza dozi ile kwenye kamba kama inavyotakiwa. Kifuniko cha soda nitakiita duara lililojazwa: kimeziba, hakina tundu. Bangili nitaiita duara tupu, maana ukichungulia unaona upande wa pili. Vitabuni mwenu vinachorwa hivyohivyo, kiduara cheusi na kiduara cheupe.

Chumba cha kwanza ni cha kidonge kimoja. Kinaanza kwenye kilo 5, na mtoto wa kilo 5 kamili yumo, kwa hiyo natundika kifuniko kwenye 5. Kinakwenda hadi kufika 15, lakini wa 15 kamili hayumo. Hapo natundika bangili. Kwa alama tunaandika 5 ≤ k < 15, na k ni kilo za mtoto: alama yenye mstari chini inasomwa "ndogo kuliko au sawa na", isiyo na mstari ni "ndogo kuliko" tu. Chumba cha pili, cha vidonge viwili: 15 ≤ k < 25. Natakiwa kutundika kifuniko kwenye 15. Lakini pale tayari pana bangili! Sasa tazameni: kifuniko kinaingia ndani ya bangili na kukaa sawasawa. Tundu lililoachwa na chumba cha kwanza limezibwa na chumba cha pili. Cha tatu, 25 ≤ k < 35, vidonge vitatu. Na cha nne ni k ≥ 35, vidonge vinne, kwenda mbele bila kikomo. Mnywaji anakunywa idadi hiyo mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Ndiyo maana pakiti ya mtu mzima ina vidonge 24.

Hebu jaribuni kuharibu mpango huu. Wekeni bangili mbili kwenye 15, moja ya kila chumba. Mtoto wa kilo 15 ameanguka katikati, hana chumba hata kimoja. Wekeni vifuniko viwili. Ana vyumba viwili, na mama yake anaulizwa swali nililoulizwa mimi. Kuna namna moja tu ya haki: mmoja amchukue, mwingine amwachie. Kazi yote hiyo inafanywa na kiduara.

Basi kanuni yangu ya kusoma grafu ni hii, na nawaomba muishike hata mkisahau mengine: simama kwanza penye duara. Macho ya mwanafunzi hukimbilia sehemu iliyotiwa rangi, kwa sababu ni ndefu na inaonekana. Huko katikati hakuna shida. Mtoto wa kilo 19 hana utata na mtu yeyote. Nenda ukasimame mwisho wa rangi, juu ya namba yenyewe, ujiulize: anayesimama hapa, yumo au hayumo?

Wengine mtasema alama zinachanganya. Ni kweli zinachanganya ukizichukua kama alama tu. Lakini Kiswahili chenu tayari kimewafundisha jambo hili, tangu mlipokuwa wadogo. Sikilizeni: Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inaeleza kijana ni nani. Ni mtu ambaye *ametimiza* miaka 18, na *hajatimiza* miaka 35. Ametimiza, hajatimiza. Silabi ya *-me-* ni kifuniko cha soda: tendo limekamilika, tundu limezibwa, uko ndani. Na *haja-* ni bangili: bado, unakaribia, unaweza kuwa na miaka 34 na miezi kumi na moja na siku 29, lakini hujafika. Siku ukifika, umetoka.

Iandikeni: 18 ≤ m < 35. Kifuniko kwenye 18, bangili kwenye 35, rangi katikati.

Nalisema hili mbele ya wazazi kwa sababu nimeona vijana wetu wakiumizwa nalo. Binamu yangu alisafiri kutoka Siaya na bahasha ya karatasi zake kuomba mkopo uliotengwa kwa ajili ya vijana. Tangazo alilolisoma lilisema "miaka 18 hadi 35". Alikuwa ametimiza 35 wiki iliyotangulia. Pale ofisini akaambiwa amepitwa. Hakuwa mjinga, wala hakutaka kudanganya. Tangazo lilitumia neno *hadi*, na *hadi* halisemi kama mwisho umo au haumo. Ukimwambia mtoto "soma ukurasa wa 10 hadi wa 12", atausoma wa 12. Ukimwambia mgeni "subiri hadi saa sita", saa sita ikigonga haendelei kusubiri. Neno moja, maduara mawili tofauti. *Kati ya* nalo ni lilelile. Nikipata nafasi ya kuandika tangazo, siyaamini maneno hayo peke yake. Naandika *asiyepungua* au *angalau*, na msomaji anajua ni kifuniko. Naandika *asiyezidi*, ni kifuniko pia. Nikitaka bangili, naandika *chini ya*, *zaidi ya*, *hajafikisha*.

Alama zenyewe zina historia fupi ambayo huwa napenda watoto waijue, ili wasidhani zilishuka kutoka mbinguni. Hizi mbili, < na >, zilionekana kwanza katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapishwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Hazikuwa na mstari chini. Mfaransa Pierre Bouguer ndiye aliyetumia mwaka 1734 alama zenye mistari chini kumaanisha "au sawa na". Kwa hiyo ile bangili iliingia vitabuni kwanza, na kifuniko kilichelewa miaka mia moja na zaidi. Kale kamstari kadogo chini ya alama ndiko kanakoziba tundu. Ukikaona, weka duara jeusi. Usipokaona, liache tupu.

Sasa leso. Mpaka hapa nimekuwa nikiandika sentensi kama 15 ≤ k < 25 kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Mwalimu wenu wa Kiswahili amewafundisha sentensi ambatano: sentensi mbili kamili, zenye kiunganishi katikati. "Juma alipika na Atieno akaosha vyombo." Hii nayo ni sentensi ambatano ya hisabati. Ya kwanza inasema k ≥ 15. Ya pili inasema k < 25. Kiunganishi chake ni *na*, ila kimefichwa.

Tuzitandaze moja moja. Wewe, shika leso nyekundu, anza kwenye 15 penye kifuniko, uitandaze kuelekea dirishani mpaka mwisho wa kamba. Hiyo ni k ≥ 15 yote. Wewe mwingine, shika ya manjano, anza kwenye 25 penye bangili, uitandaze kurudi mlangoni. Hiyo ni k < 25 yote. Rudini nyuma, mtazame. Kuna mahali penye nyekundu pekee, kuna mahali penye manjano pekee, na kuna mahali leso zimelaliana. Pale zilipolaliana ndipo *na* inapoishi. Anayetaka kuingia lazima afunikwe na leso zote mbili. Toeni zile sehemu zenye leso moja, mtabaki na kipande kutoka 15 hadi 25, kifuniko kushoto, bangili kulia. Hiyo ndiyo grafu mnayoiona katika mitihani, imeshasafishwa, na leso zilizoizaa hazionekani tena. Ukipewa grafu ya namna hiyo, kazi yako ni kuzirudisha leso akilini.

Na kama kiunganishi ni *au*? Twendeni Dunga, ufuoni kwa wavuvi wa Kisumu.

Wavuvi na wachuuzi wa samaki waliopo hapa wanakijua kipimo cha mbuta, yaani sangara. Kipimo kilichowekwa kwa ajili ya ziwa letu ni urefu wa sentimita 50 hadi 85. Aliye chini ya 50 bado hajapata nafasi ya kuzaa. Aliye juu ya 85 kwa kawaida ni jike kubwa lenye mayai mengi, na ukimvua huyo umevua samaki wa mwaka ujao. Wa katikati ndiye wa sokoni.

Kamba yangu inaishia 40, kwa hiyo tubadilishe karatasi. Kibanio cha kwanza kiwe 0, kinachofuata 10, kisha 20, mpaka 100. Hapa naomba msimame kidogo, maana ndipo alama nyingi hupotea. Kabla ya kusoma grafu yoyote, angalia hatua moja ni kiasi gani. Nimeona mwanafunzi akisoma 85 kama 81 kwa sababu aliona kijistari kimoja baada ya 80 akadhani kila kijistari ni moja. Kwenye kamba hii 85 haina hata kibanio. Iko katikati ya 80 na 90, na ni juu yako kuitafuta.

Samaki anayeruhusiwa: 50 ≤ u ≤ 85. Vifuniko viwili, leso zimelaliana katikati. Samaki anayerudishwa majini ni yupi? Ni yule mfupi mno, *au* yule mrefu mno. Leso ya manjano inatoka 50 kurudi mlangoni, leso nyekundu inatoka 85 kwenda dirishani. Hazigusani popote, na hakuna samaki mmoja atakayefunikwa na zote mbili. Hakuna ubaya, kwa sababu *au* haimdai leso mbili. Moja inamtosha.

Sasa simameni penye maduara. Kwenye 50 tutaweka nini safari hii? Nasikia "kifuniko". Nasikia "bangili". Fikirini juu ya mbuta wa sentimita 50 kamili. Tulishasema anaruhusiwa. Akiruhusiwa, hawezi pia kuwa wa kurudishwa. Basi bangili. Na kwenye 85 vilevile. Tunaandika u < 50 au u > 85. Mmeona kilichotokea? Tulipogeuza upande, kila kifuniko kimekuwa bangili. Ni kilekile cha kilo 15: nukta moja haiwezi kumilikiwa na pande mbili. Ukimaliza kuchora "walio ndani" na "walio nje", ziweke grafu hizo mbili moja juu ya nyingine. Zikiacha tundu, au zikigombania nukta, umekosea mahali.

Kuna kosa moja hapa ambalo nalisahihisha kila muhula. Mwanafunzi anaona rangi inakwenda pande mbili, anajua namba ni 50 na 85, halafu anaandika 85 < u < 50. Kwa haraka inapendeza. Lakini funika u kwa kidole usome kilichobaki. Kinasema 85 ni ndogo kuliko 50. Uongo mtupu. Sentensi iliyobanwa namna hiyo, yenye herufi katikati, ni ya *na* peke yake, ya leso zilizolaliana. Ya *au* haibanwi. Iandike vipande viwili, na neno *au* liandikwe waziwazi, kwa herufi, usiliachie msomaji akisie.

Tumekaa upande wa namba chanya muda mrefu. Namba hasi zinawatisha wengi, na sioni sababu, maana sisi tunaishi juu ya sifuri yenyewe. Mnaokwenda Busia mnapita Maseno, na kando ya barabara pana alama ya ikweta. Shukeni siku moja msimame pale. Hapo ni latitudo sifuri. Tukisema kaskazini ni chanya na kusini ni hasi, Kakamega iko karibu na 0.3, Eldoret karibu na 0.5. Kisumu hapa tuko karibu na hasi 0.1, na Nakuru iko karibu na hasi 0.3. Nne hizo zote unaweza kuzitundika kwenye kamba, Maseno ikiwa kibanio cha katikati.

Ipi ni ndogo, Kisumu au Nakuru? Wengi husema Kisumu, kwa sababu 1 ni ndogo kuliko 3. Lakini kamba haidanganyi. Nakuru iko mbali zaidi upande wa mlango, na kuelekea mlangoni ndiko namba zinakopungua. Hasi 0.3 ni ndogo kuliko hasi 0.1. Mwingereza John Wallis, katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1685, aliwaelewesha watu hivihivi: mtu anatembea mbele yadi 5, kisha anarudi nyuma yadi 8. Yuko wapi? Yuko yadi 3 nyuma ya alipoanzia, hasi 3. Huo nao ni mstari wa namba, umechorwa kwa miguu.

Nipeni sasa grafu: kifuniko kwenye Nakuru, bangili kwenye Kakamega, leso katikati. Mji gani umo? Nakuru yumo, kwa sababu ya kifuniko. Kisumu yumo. Maseno yumo. Kakamega hayumo, ingawa leso imefika mlangoni kwake. Kwa alama, −0.3 ≤ l < 0.3. Eldoret hata tusiiulize.

Wakubwa wa gredi ya tisa, hapa pia ndipo mnapoona kwa nini kuzidisha kwa namba hasi kunageuza alama. Maseno ni kioo. Zidisha kwa hasi moja, na kila aliyekuwa kaskazini anahamia kusini kwa umbali uleule. 0.1 ilikuwa nyuma ya 0.3. Zikivuka kioo, hasi 0.1 inakuwa mbele ya hasi 0.3. Waliokuwa nyuma wanakuwa mbele. Maduara hayabadiliki, kifuniko kinabaki kifuniko, ila yanabadilishana upande. Zaidi ya hapo tutaliacha mpaka darasani.

Jambo lingine dogo lakini lina alama zake: jiulize herufi inahesabu nini. Kilo zina vipande, na sentimita vilevile. Watu hawana nusu. Ukiambiwa −2 < x ≤ 3 na x ni namba nzima, usipake rangi. Taja −1, 0, 1, 2, 3, basi. Hasi mbili ina bangili, imeachwa nje. Katiba yenyewe inawapa zoezi zuri. Kifungu cha 138 kinataka anayeshinda urais apate kura zaidi ya nusu, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Zaidi ya nusu: bangili kwenye 50, na nusu kamili haitoshi. Angalau 25: kifuniko. Kaunti ni 47, nusu yake ni 23.5, hakuna nusu kaunti, kwa hiyo ya kwanza baada ya bangili ni 24. Na angalieni: sentensi hizo zimeungwa kwa *na*, lakini huwezi kuzitandaza kwenye kamba moja, maana moja inahesabu kura za nchi nzima, nyingine asilimia ya kaunti, nyingine kaunti zenyewe. Leso hulaliana pale tu zinapokuwa kwenye kamba moja. Kila kitu kinachohesabiwa kina kamba yake.

Walimu wenzangu, nina ombi moja kwenu. Somo hili lilikuwa la kidato cha pili katika mfumo wa zamani wa elimu, wa 8-4-4. Sasa linaanza gredi ya saba, kwa watoto wa miaka 12 na 13. Tumezoea kuwapa mdomo wa mamba: mamba hupanua mdomo kuelekea namba kubwa. Mamba anasaidia kujua kubwa iko upande gani, sikatai. Lakini mamba hana duara. Hamwambii mtoto kinachotokea pale mpakani, na mpakani ndipo mwanangu alipokuwa amelala begani kwangu. Wapeni kamba kabla ya alama. Wapeni maneno ya Kiswahili, ya Kijaluo, ya Kiluhya, ya nyumbani kwao: amefika, hajafika. Wakishayasema kwa midomo yao, alama zitakuja.

Na wazazi, mtoto akirudi na daftari lenye grafu hizi, huhitaji kujua hisabati ili umsaidie. Weka kidole kwenye duara umuulize, "Huyu yumo?" Akijibu, muulize kwa nini.

Nimemaliza kusema. Twende kazini. Nimebandika mistari mitatu ukutani, na kila mmoja wenu ana karatasi. Wa kwanza una vifuniko kwenye 2 na 8, na leso kati yao: ni nyuzijoto za friji ya chanjo pale kituo cha afya. Wa pili una bangili kwenye 2 na 8, na leso zinaachana: ni nyuzijoto zinazomfanya muuguzi akimbilie friji hiyohiyo. Wa tatu sisemi ni wa nini. Una bangili kwenye hasi 3, kifuniko kwenye 4, na kila hatua ni 1. Iandikeni, kisha mniorodheshee namba nzima zilizomo. Nani anaanza?

Palipita kimya kidogo. Kisha msichana wa gredi ya saba aliyekaa karibu na dirisha akainuka, akapita mbele ya wenzake bila kuangalia leso, akaenda kusimama mbele ya hasi tatu. "Huyu hayumo," akasema. Akatembea hatua saba hadi kwenye nne. "Huyu yumo." Ndipo akachukua chaki.